FamilySearch kwa Anayemtafuta Mzee wa Frere Town: Inakofaa na Inakokwama

Huduma nyingi za kutafuta wazee wa kale hudhani unakuja na vitu vitatu mkononi: jina la ukoo lisilobadilika, mji mmoja, na tarehe. Mmarekani ambaye mzee wake alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti mkali wa Kiingereza, aliyetua Massachusetts mwaka 1630 huwa navyo vyote. Wapuritani waliandika. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts Bay liliamuru vizazi, ndoa na vifo viingizwe vitabuni, na wosia nao ulipelekwa mahakamani pamoja na orodha ya mali ya marehemu, mpaka masufuria na matandiko. FamilySearch, huduma ya mtandaoni ya kutafuta wazee, imepiga picha vitabu vya makarani wa miji ya huko, kwa hivyo jina moja likiandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia laweza kukufikisha kwenye ukurasa wenyewe. Kinachowasumbua zaidi ni kalenda: mpaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hivyo Februari 1641 ya kitabu ni Februari 1642 kwa hesabu yetu.

Sasa mchukue kilembwe wa Kisauni, Kengeleni au Rabai, ambaye mzee wake alishushwa kutoka jahazini na manowari ya Kiingereza akakabidhiwa wamisheni. Jina la ukoo hana. Jina alilozaliwa nalo halikuandikwa, au liliandikwa na mtu asiyejua lugha yake. Tarehe ya kuzaliwa ilikisiwa kwa kumtazama meno na urefu. Huyo ndiye tuliyempimia huduma hii. FamilySearch ni kabati nzuri sana la kuhifadhia ushahidi, na ni mtafutaji dhaifu mpaka uigeuze: anza na mahali, jina liwe la mwisho.

Kwanza mambo ya msingi. Haina malipo. Akaunti inafunguliwa kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, na barua pepe au nambari ya simu. Mwenye huduma ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo lilianza kazi hii mwaka 1894 huko Utah na likakamilisha mwaka 2021 kugeuza zaidi ya mikanda milioni 2.4 ya filamu kuwa picha za kompyuta. Familia ijue pia sababu ya kazi hiyo: waumini wa kanisa hilo hubatizwa hekaluni kwa niaba ya wazee wao waliokufa. Utaratibu wao unataka muumini afanye hivyo kwa wazee wa damu yake mwenyewe. Hata hivyo, nyumba ya Waislamu au ya Waanglikana ina haki ya kulizungumza jambo hili mezani kabla mmoja wao hajaingiza majina ya marehemu wote.

Kabla ya kugusa kisanduku chochote, jiulize mzee alipita mlango gani kuingia katika uhuru, maana kila mlango una karatasi zake. Pwani hii ilikuwa na milango minne. Wa kwanza ni wa Waafrika wa Bombay, waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa. Kundi la mwanzo, akiwemo William Jones, lilifika Rabai mwaka 1864. Wa pili ni wa Frere Town yenyewe, makazi ya wamisheni kwa watumwa walioachwa huru, karibu na Mombasa. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini tarehe 5 Juni 1873, mmishonari Salter Price akaja Mombasa mwaka uliofuata kutafuta ardhi ng'ambo ya kisiwa, na kuanzia 1875 watu walioteremshwa majahazini wakaanza kupelekwa hapo. Wa tatu ni wa watoro waliokimbilia Rabai: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa fidia mabwana zao, na zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889. Wa nne ni wa sheria ya 1907 iliyoondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama za pwani, ambapo mabwana walidai fidia.

Familia nyingi husema tu "alikuwa Mmisheni" na kuishia hapo. Anayemtafuta mtoro wa Rabai kwenye daftari za manowari atapoteza miezi, kwa sababu mtu huyo hakupanda jahazi lolote karibu na mwaka ule. Alitoka shambani kwa miguu.

Tuje kwenye majina, na hapa ndipo FamilySearch inapopoteza watu wengi. Andika William Jones, aliyewahi kuwa Rabai na kupewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler. Huduma itakuletea akina William Jones wa Wales, wa London na wa Massachusetts, rundo lisilo na mwisho. Jina lile ni la kukopeshwa. Watoto wa Nasik na Frere Town walipewa majina ya Kizungu, na nyuma ya kila jina kuna jingine. Matthew Wellington, mmoja wa waliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani na aliyeishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935, alizaliwa Myao akiitwa Chengwimbe. Yeye alibahatika, jina lake la kwanza lilifika kwetu. Kwa wengi halikufika, na ukilazimisha kulitafuta utajikuta umebandika jina la mtu mwingine.

Kwa hivyo katika kisanduku cha jina tumia alama. Nyota husimama badala ya herufi nyingi, alama ya kuuliza badala ya herufi moja. Mbar*k itavua Mbaruk, Mbarak na Mbarouk kwa mpigo mmoja. Kwa mahali jaribu maandishi ya zamani: Frere Town kwa maneno mawili na Freretown kwa moja; Rabai iliandikwa Rabbai na Rabbai Mpia, na kituo chake kikaitwa Kisulutini au Kisuludini; Mijikenda waliitwa Wanika. Wayao ndio wenye sura nyingi kupita wote: Yao, Wahiao, Ajawa. Mtu akisoma "Ajawa" na kudhani ni kabila jingine, ameuacha mlango wazi akaenda kuvunja ukuta.

Sasa njia ya kupita. Baada ya kuingia, acha ukurasa wa kutafuta jina na uende penye neno Catalog, yaani orodha ya kumbukumbu zao, uchague kutafuta kwa mahali. Andika Mombasa, soma kilichomo, kisha rudia kwa Rabai, kwa Kenya nzima, na kwa Zanzibar. Ni lazima kurudia hivyo. Kitu kilichoorodheshwa chini ya nchi hakitokei ukitafuta mji, na cha mji hakitokei ukitafuta nchi. Watu huandika Mombasa mara moja, wakaona orodha fupi, wakafunga kompyuta. Kila kitu utakachokiona kina alama pembeni. Kamera maana yake picha ziko wazi kwako. Kamera yenye ufunguo maana yake picha zipo lakini mwenye kumbukumbu amezuia, na utaziona tu ukiwa kwenye kituo chao au maktaba iliyoungana nao. Ramani ya vituo imo humo humo, na ni vizuri kupiga simu kwanza kuuliza kama pako wazi siku hiyo. Kioo cha kukuzia maana yake kuna faharasa ya majina.

Pale penye kamera tu, bila kioo, hakuna jina litakalotokea kwa kutafuta. Lazima upekue ukurasa kwa ukurasa kama mtu aliyeshika kitabu. Hili ndilo jambo moja tungeomba kila mtafutaji alikariri, maana asiyelijua husema "hakuna kitu" juu ya kitabu ambacho mzee wake yumo. Njia ya kwenda haraka ni kuruka picha kumi kumi mpaka ufike mwaka unaoutaka, kisha urudi nyuma moja moja. Upekuzi huu hunywa bando, kwa hivyo ni kazi ya waifai au saiba, si ya simu iliyobakiza salio la jioni.

Kuna pia utafutaji wa maandishi yote, uliofunguliwa mwaka 2024, ambao kompyuta husoma mwandiko wa mkono wenyewe. Kwetu una faida ya pekee: mtu aliyetajwa katikati ya wosia au hati ya mwingine, ambaye hangewekwa kwenye faharasa yoyote, anaweza kuibuka. Husoma vibaya majina ya Kiswahili, basi tafuta neno la jirani, kama jina la mtaa.

Lakini sehemu kubwa ya maisha ya mzee wa Frere Town haiko Utah. Mpuritani anajulikana kwa karani wa mji na mahakama ya mirathi. Huyu wetu anajulikana kwa barua za wamisheni. Kumbukumbu za Church Missionary Society, chama cha wamisheni wa Kianglikana wa Frere Town na Rabai, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, maktaba ya Cadbury. Barua za misheni ya Afrika Mashariki mpaka 1880 zina alama C A5, na za baada ya hapo G3 A5. Andika alama hizo kwenye ombi lako. Ombi linalosema "habari za babu yangu wa Mombasa" litachukua muda mrefu zaidi kujibiwa. Jarida lao, Church Missionary Intelligencer, linapatikana bure kwenye Internet Archive, na humo kuna barua zilizochapishwa kutoka Frere Town na Rabai. Kwa mlango wa jahazi, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew ina FO 84, ambayo ni barua za Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu biashara ya watumwa, na ADM 53, daftari za safari za manowari. Ukijua mwezi na mwaka ambao kundi lilishushwa, daftari la manowari laweza kukupa siku na mahali jahazi lilipokamatwa. Meli ya kuanza nayo ni HMS London, iliyotia nanga Zanzibar miaka ya 1870 mpaka mwanzo wa miaka ya 1880 ikituma mashua zake kukagua majahazi.

Na si kila Mmisheni alikuwa Mwanglikana. Wamethodisti walikuwa Ribe tangu 1862 na Jomvu baadaye. Kumbukumbu zao za misheni ziko chuo cha SOAS, London. Wakatoliki walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Nyumba inayoimba nyimbo za Kimethodisti leo isianze Birmingham.

Rejista za ubatizo na ndoa ni habari nyingine. Mara nyingi hubaki na parokia au dayosisi. Andika barua kwa kasisi, taja jina la ubatizo, jina la mke au mume, na muda usiozidi miaka kumi. Ukiomba "miaka ya zamani yote" hakuna karani atakayefungua makabati. Nenda na penseli, si kalamu ya wino, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwanga wa simu uzimwe.

Ukifunguliwa kitabu, soma hivi. Rejista ya ubatizo ya mtindo wa Kianglikana ina safu: tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, makazi, kazi, na aliyebatiza. Kwa mtu mzima aliyetoka jahazini, safu ya wazazi haina cha kuandikwa. Usihesabu pengo hilo kama kosa la karani. Linakuambia mlango aliopitia. Angalia kwa makini vifupisho "do." Maana yake ni "kama hapo juu". Wanaonakili majina huweza kukigeuza kuwa jina la mtu, na ukikuta mzee anayeitwa Do, panda mstari mmoja juu usome upya. Kisha nenda kwenye rejista ya ndoa na utazame chini ya ukurasa, penye mashahidi. Wale wawili ndio ufunguo. Watu wasio na baba wala mjomba mjini walisimamiwa na waliokuja nao, kwa hivyo shahidi wa ndoa mara nyingi ni mtu wa jahazi lile lile au wa nyumba ya jirani. Mfuatilie shahidi kana kwamba ni ndugu wa damu. Umri ulioandikwa uuongeze na uupunguze miaka mitano, kila mara.

Upande wa Kiislamu nao una mitego yake. FamilySearch inataka jina la kwanza na la mwisho. Usiweke "bin" kwenye kisanduku cha jina la mwisho, wala usilijaze jina la baba hapo kana kwamba ni ukoo. Baba mfungulie ukurasa wake, kisha uwaunganishe. Kuhusu baba mwenyewe kuna tahadhari kubwa: aliyesilimu au aliyeachwa huru bila baba kujulikana aliweza kuitwa bin Abdallah, yaani mwana wa mja wa Mungu. Abdallah huyo hakuwa mtu wa kutafutwa. Majina kama Mabruki, Feruzi, Almasi na Marijani yalikuwa ya kawaida kwa watumwa wa pwani, lakini hayatoshi peke yake kuthibitisha lolote. Tarehe za hati za Kadhi ni za Hijria: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622, utapata mwaka wa Kizungu kwa kukaribia. Mwaka 1325 wa Hijria ulianza Februari 1907. Mwezi na siku vitafutwe kwenye jedwali, kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja.

Kwa walioacha shamba au nyumba kuna chanzo kingine cha bure ambacho watu hukisahau: Gazeti rasmi la serikali, lililoanza 1899 na ambalo matoleo yake ya kale yako Google Books. Matangazo ya mirathi, na yale ya madai ya ardhi baada ya sheria ya hatimiliki ya 1908, yana majina ya watu wa kawaida. Tafuta kwa jina la mtaa kwanza, halafu uchuje kwa mwaka.

Turudi kwenye FamilySearch, kwenye mti wa familia. Wengi hawaelewi kwamba mti ni mmoja kwa dunia nzima. Si mti wako. Ukurasa wa marehemu unaonekana na kila mtu, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuubadilisha. Walio hai hufichwa, hawaonwi na umma. Uwazi huo una uzuri wake: kitukuu wa Rabai na kitukuu wa Nairobi wanaweza kukutana juu ya mzee mmoja bila kujuana. Una ubaya wake pia. Huduma hupendekeza kwamba mzee wako na mtu fulani wa Uingereza huenda ni mmoja, kwa sababu majina na miaka inakaribiana. Ukikubali, William Jones wa Rabai atapata wazazi wa Cardiff. Kila badiliko huandikwa kwenye historia ya ukurasa na linaweza kurudishwa, lakini kuyatenganisha maisha mawili yaliyochanganywa na watu watatu tofauti ni kazi ya siku nzima. Bonyeza kukataa, na ueleze sababu kwa sentensi moja, ili anayefuata aisome.

Jina usilolijua liache tupu. Usiandike "hajulikani", maana neno hilo litageuka jina. Jina la Kiyao au la Kinyasa liweke kama jina mbadala, pamoja na aliyelisema. Tarehe andika "kadiri ya 1868". Na kila chanzo kiwe na mahali kilipo, alama ya faili, ukurasa, siku ulipokiona, na maneno yalivyoandikwa, hata kama tahajia ni mbaya. Tahajia hiyo mbaya ndiyo utakayoitafuta kwenye kitabu kinachofuata.

Kuna familia za pwani ambazo habari ya utumwa ni jeraha, na kuna bibi aliyekaa kimya miaka themanini kwa sababu yake. Ukurasa wa marehemu haufichiki ukishawekwa. Waulize wazee wa nyumba kwanza, na wakikataa, weka daftari lako nyumbani.

Wakikubali, warekodi. Sehemu ya kumbukumbu ya FamilySearch hupokea sauti kwa faili lisilozidi megabaiti 15, basi kata mazungumzo vipande vifupi, kipande kimoja kwa swali moja. Uliza lakabu, kwa maana lakabu hudumu kuliko jina la ubatizo. Uliza shamba lilipakana na la nani, kaburi liko upande gani wa kanisa au msikiti, na nani waliitana ndugu bila kuzaliwa pamoja. Mwanzoni mwa kila kipande mzee ataje jina lake, jina la mama yake, na mahali alipoketi. Ile sauti ya asili ibaki kwenye simu na kwenye kompyuta moja zaidi, kabla ya kupandishwa kokote.